Ganda la Kidonge, Chini ya Mengineyo

Ilitangazwa rasmi kwenye taarifa ya habari ya asubuhi, kabla hata ya hali ya hewa, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna raia atakayemeza kitu asichokijua asili yake. Serikali sikivu ilikuwa imeunda Kamati ya Kudumu ya Kubaini Asili ya Vifungashio Laini vya Kumezwa. Watu waliokuwa wakinywa chai walisimamisha vikombe hewani wakaulizana hivyo vifungashio laini ni kitu gani.

Ni ganda la kapsuli, jamani. Vile vidonge vya rangi mbili vyenye unga ndani. Ganda lake hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini mara nyingi hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya mnyama. Sasa mnyama gani? Ng'ombe? Kachinjwa vipi, na nani? Au ni yule mwingine, ambaye Mwislamu hata jina lake hapendi kulitaja mezani? Swali lilikuwa la haki kabisa. Watu walikuwa wakijiuliza kimyakimya kwa muda mrefu, mkono mmoja umeshika kidonge, mwingine glasi ya maji. Kilichokuwa kinakosekana ni kamati, na sasa kamati ilipatikana.

Mwenyekiti wake aliteuliwa kwa umakini mkubwa. Hakuwa mwanachuoni wa dini, hakuwa daktari, na tangu azaliwe hakuwahi kuugua kitu cha kumlaza kitandani. Kwa hiyo hakuwa na upande wowote katika suala hili. Alitokea Kitengo cha Mihuri, ambako aliacha sifa ya kubuni muhuri wa kuthibitisha kwamba muhuri mwingine ni muhuri. Wafanyakazi wa kule walimwita Bwana Utaratibu, na yeye alilipenda jina hilo mpaka akaanza kulitumia nyumbani. Aliamini kwa dhati kwamba jambo likiisha haraka ni kwa sababu halikushughulikiwa ipasavyo.

Kamati ilipewa ukumbi wa ghorofa ya pili, wenye meza ndefu ya kung'aa, mapazia mazito na feni iliyokuwa ikizungukia upande mmoja tu, upande wa Mwenyekiti. Katikati ya meza liliwekwa bakuli la kioo lililojaa peremende laini, zile zinazovutika mdomoni, zenye maumbo ya simba, tembo na samaki. Mwenyekiti alizipenda kupita kiasi, hasa tembo wekundu. Alisema zinaufanya ubongo ufikiri. Wajumbe wakaona si adabu kumwacha Mwenyekiti afikiri peke yake, na bakuli likawa halifiki adhuhuri bila kujazwa tena.

Katika wajumbe wote, wawili tu ndio waliojua chochote kuhusu suala lililowaleta. Wa kwanza alikuwa Mfamasia, mama mmoja wa makamo aliyefanya kazi miaka mingi kwenye dirisha la dawa la hospitali, na kwa hiyo alikuwa amezoea kujibu watu kwa maneno machache. Wa pili alikuwa Sheikh, mwanachuoni mpole mwenye ndevu nyeupe, ambaye watu walikuja kumuuliza mambo ya halali na haramu kutoka mitaa ya mbali. Hao wawili, kwa sababu zao, hawakuwahi kugusa bakuli. Sheikh alisema daktari amemkataza sukari. Mfamasia alilitazama tu bakuli, akakohoa.

Mwenyekiti alimheshimu Sheikh sana, na kwa sababu ya heshima hiyo akaipanga hoja yake, yaani hukumu ya dini kuhusu ganda la kidonge, mwisho kabisa wa ajenda, chini ya Mengineyo. Mgeni wa heshima, alieleza, huzungumza mwisho. Hoja za Mfamasia nazo zikapelekwa hukohuko, ili Sheikh asijisikie mpweke.

Sasa kila aliyewahi kukaa kwenye kikao anajua safari ya kuelekea Mengineyo. Kwanza kuna kufungua kikao. Halafu kuna kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, ambapo mjumbe mmoja husema koma yake imehamishwa. Kisha kuna Yatokanayo, na Yatokanayo yana tabia ya kutokana na kuzaa mengine. Kisha Utambuzi wa Mnyama, ambayo ndiyo ilikuwa ajenda mama. Mpaka hapo chakula kimeshafika, na kikao kinaahirishwa. Kila mara Sheikh alipoinua mkono taratibu, Mwenyekiti alimpa tabasamu pana akamwambia asiwe na wasiwasi, suala lake lipo, lipo kwenye Mengineyo.

Hata hivyo asidhani mtu kwamba kazi haikufanyika. Kamati iliandikia kiwanda cha ng'ambo kuuliza jelatini yake inatokana na nini, na kiwanda kikajibu kwamba inatokana na wanyama. Wajumbe walipiga makofi, maana maendeleo yalikuwa dhahiri: mimea ilikuwa imeondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa. Ikatolewa notisi gazetini ikimtaka mnyama husika, au mwakilishi wake halali, ajitokeze mbele ya Kamati. Kikatengwa kiti kabisa, pembeni ya meza, chenye kibao kilichoandikwa MHUSIKA. Alikuja muuza nyama mmoja kutoka sokoni, akasema yeye anaweza kuwasemea ng'ombe na mbuzi, akaulizwa kama anaweza pia kumsemea nguruwe, akaondoka bila kuaga. Kiti kikabaki kitupu, na katika kila muhtasari iliandikwa kwamba Mhusika hakuhudhuria, bila taarifa.

Tena Kamati ilitunga kanuni, na hapa ndipo Mwenyekiti alipong'ara. Kanuni ya kwanza ilikataza mtu yeyote, awe imamu wa msikiti, awe daktari, kutoa jibu lake binafsi kuhusu ganda kabla Kamati haijatoa la kwake. Na mpaka hapo raia walishauriwa kusubiri. Nyingine ilisema kikao kisichotimia akidi kisijadili ajenda yoyote isipokuwa Mengineyo, kwa kuwa Mengineyo haina madhara kwa mtu. Lakini aliyoipenda zaidi ni kanuni ya uadilifu: mtumishi wa umma atakayethibitika kumeza jelatini ambayo mnyama wake hajatambuliwa, atasimama kando kupisha uhakiki, bila kujali cheo, mpaka mnyama huyo atambuliwe. Yale maneno ya bila kujali cheo aliyaongeza kwa mkono wake. Aliisoma kanuni hiyo kwa sauti, akairudia kwa utamu wake, huku tembo mwekundu akivutika polepole shavuni.

Wananchi walilipokea tangazo kwa shangwe, wakaendelea kumeza dawa zao kama kawaida. Nchi nzima, inavyojulikana, ni raia mmoja tu aliyelitii, naye alikuwa mama mzazi wa Mwenyekiti.

Bi Mkubwa huyu alikaa kwa mwanawe, chumba cha nyuma chenye dirisha la kutazama kamba za nguo. Alikuwa mgonjwa wa moyo, na kila siku alipaswa kumeza kapsuli moja, nusu nyeupe nusu bluu. Alikuwa mwanamke wa dini, si wa maonyesho. Sala zake zilikuwa kwa wakati na ulimi wake ulikuwa na pilipili. Na alimpenda mwanawe mpaka akaamini kila neno lake, jambo ambalo hata mke wa Mwenyekiti hakuwahi kulijaribu. Aliposikia redioni sauti ya mwanawe ikiwashauri raia wasubiri, aliongeza sauti ili majirani nao wasikie. Kisha akakichukua kile kidonge cha siku hiyo, akakitumbukiza kwenye kikombe, akakifunika kwa kisahani.

Mke wa Mwenyekiti ndiye aliyegundua. Alikuwa anapanga vyombo akakuta kikombe kimejaa vidonge vya rangi mbili karibu nusu. Kisha akakumbuka kwamba siku hizi mama mkwe wake anatembea na kandambili za mwanawe kwa sababu viatu vyake havimwingii, miguu imevimba. Na kwamba akienda msalani hupumzika njiani, ameegemea friji. Alimngoja mumewe arudi. Hakumpa hata nafasi ya kuvua koti.

"Mama yako anakufa kwa ajili ya kamati yako," alimwambia. "Nenda ukaongee naye, na huo utaratibu wako uache hapa mlangoni."

Mwenyekiti alienda. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, mto nyuma ya mgongo, anavuta pumzi kwa vituo. Alipomwona alifurahi, akamuuliza kazi ya taifa inaendeleaje.

"Mama, meza dawa yako," alisema Mwenyekiti.

"Mmeshaamua?"

"Bado. Lakini wewe meza tu."

Bi Mkubwa alimtazama usoni. "Hapo unaniambia kama mwanangu, au kama Mwenyekiti?"

"Kama mwanao, mama."

"Mwanangu namjua. Mwanangu alikuwa ananiambia amenawa mikono na mikono ina tope," alisema. "Mimi nataka Mwenyekiti aniambie."

Lakini kama Mwenyekiti, hakuwa na mamlaka ya kuitangulia Kamati. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiye aliyeliandika. Akajaribu njia nyingine. Akamwambia amuulize imamu wa msikiti wa mtaani. Bi Mkubwa akasema mchana ule ule, kikombe kilipogunduliwa, alishamtuma mkwewe amuulize, na imamu akajibu kwamba anatamani sana kumsaidia, ila amepokea waraka wenye muhuri, na juu ya muhuri kuna muhuri mwingine unaouthibitisha. Daktari je? Daktari alimwambia ameze, lakini daktari huyo huyo waraka umemkataza kusema, kwa hiyo maneno yake si halali. Alipofika hapo alikohoa, akashika kifua, akamwambia mwanawe asihangaike. Atasubiri. Kamati yenye mtu kama yeye haiwezi kuchelewa.

Usiku huo Mwenyekiti hakupata usingizi. Alikuwa anaogopa, waziwazi, kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba hakuona kosa liko wapi. Kila kitu kilikuwa kimefuatwa.

Asubuhi aliingia ukumbini ameukaza uso, akawaambia wajumbe kwamba leo anataka uamuzi. Wajumbe walipigwa na butwaa. Mmoja, aliyekuwa akitafuna simba wa kijani, akauliza kwa upole uamuzi wa nini. Mwenyekiti akasema wa ganda. Watu wakatazamana. Mjumbe mwingine, ambaye Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amemlea na kumfunza kazi tangu Kitengo cha Mihuri, alisimama akasema, kwa masikitiko makubwa na heshima zote, kwamba haelewi haraka hii inatoka wapi. Kwamba kuruka Yatokanayo ni kuidharau Kamati. Na kwamba yeye binafsi alifundishwa na mtu anayemheshimu kuwa jambo likiisha haraka halikushughulikiwa ipasavyo. Wote wakagonga meza kumuunga mkono. Mwenyekiti akajaribu kuisogeza hoja ya Sheikh iwe ya kwanza, akaambiwa kubadili ajenda kunahitaji notisi, na notisi inahitaji kikao cha kuipitisha, na kikao hicho kitapangwa kwenye Yatokanayo. Jasho jembamba likamtoka, na feni inamzungukia yeye peke yake. Akanyoosha mkono bakulini akachukua tembo.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Mkubwa.

Alikuwa amevaa baibui lake la kwendea harusini na kandambili za mwanawe. Mkwewe alikuwa amemshika mkono, na mkononi mwingine mkwewe alibeba kile kikombe kilichofunikwa kisahani. Ngazi za ghorofa ya pili zilikuwa zimemmaliza pumzi. Aliangalia huku na huku akatafuta pa kukaa, akaona kiti kimoja tu kitupu, akakaa. Kilikuwa kile chenye kibao cha MHUSIKA.

Katibu wa Kamati, dada mmoja nadhifu asiyepitwa na jambo, alitazama kibao, akamtazama Bi Mkubwa, akafungua karatasi mpya. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi, kama anahudhuria kwa niaba ya ng'ombe au mnyama mwingine.

"Nimekuja kwa niaba ya mgonjwa," alisema Bi Mkubwa alipopata pumzi.

Katibu alipekua faili, mbele na nyuma. "Samahani, mama. Mgonjwa hayumo kwenye ajenda."

"Basi nimekuja kusikiliza tu. Mwanangu amesema mnakaribia. Nimeona nikisubiri nyumbani nitaondoka duniani nikiwa sijui jibu, na mimi nilitaka niondoke nikijua."

Alisema hivyo bila kulalamika, na hilo ndilo lililomchoma Mwenyekiti. Macho yalimjaa machozi mbele ya wajumbe wote. Hakujua amfanyie nini mama yake, hivyo akafanya kile ambacho kila mtu hufanya mgeni anapofika amechoka: akalisukuma bakuli la peremende mbele yake, akamchagulia yeye mwenyewe tembo mwekundu aliye mnono.

Bi Mkubwa alimchukua yule tembo akamgeuza kwenye vidole. Alikuwa mtu aliyekwisha acha dawa ya moyo kwa ajili ya kutojua asili ya ganda lake. Asingeanza kutafuna vitu ovyo. Akamuuliza yule mama aliyekaa karibu naye, ambaye alikuwa Mfamasia, hiki kitu kimetengenezwa kwa nini.

Mfamasia alikohoa. Akamgeukia Mwenyekiti, akasema kwamba jibu la swali hilo aliliandikisha kwenye kikao cha kwanza kabisa, chini ya Mengineyo, na angependa kujua kama sasa anaruhusiwa kulitoa. Mwenyekiti, ambaye kwa wakati huo akili yake yote ilikuwa kwenye miguu ya mama yake, alimpungia mkono aseme.

"Ni jelatini, mama," alisema Mfamasia. "Ni kitu kilekile cha ganda la dawa yako. Tofauti ni kwamba hii imetiwa sukari na rangi. Na mnyama wake hajulikani kama yule wa ganda asivyojulikana."

Bi Mkubwa alimrudisha tembo bakulini. Akalitazama bakuli lilivyopungua. Akawatazama wajumbe, mmoja mmoja, na wajumbe wale, watu wazima wenye tai, wakaacha kutafuna. Mmoja alibaki na samaki shavuni, asijue ammeze au amteme. Kisha akamtazama mwanawe, ambaye ulimi wake ulikuwa mwekundu.

"Hizi mnakula kila siku?" aliuliza.

Aliyesimama ni Katibu. Hakufurahi wala hakusikitika. Alikuwa na uso wa mtu anayefuata utaratibu aliofundishwa na bosi wake. Alifungua kitabu cha kanuni akaisoma kanuni ya uadilifu neno kwa neno, na alipofika kwenye bila kujali cheo akapunguza mwendo ili Mwenyekiti apate nafasi ya kuyafurahia maneno yake. Akaeleza kwamba kwa mujibu wa kanuni hiyo, wote waliomeza wanasimama kando kuanzia dakika hii mpaka mnyama atambuliwe.

Zogo likazuka. Mjumbe yule wa Kitengo cha Mihuri alisema yeye alikuwa anatafuna tu, kumeza ni suala jingine. Mwingine akadai amekula samaki peke yao, na samaki ni halali hata bila kuchinjwa, na Mfamasia ilibidi amweleze kwamba samaki lilikuwa umbo tu. Mwenyekiti akasema kanuni inaweza kufutwa. Katibu akakubali kabisa kwamba inaweza, ila na kikao kilichotimia akidi. Akahesabu kwa kidole. Alikuwa amebaki Sheikh, amebaki Mfamasia, na amebaki yeye Katibu, ambaye peremende zake zote alikuwa anazitia kwenye pochi kumpelekea mpwa wake, jambo ambalo sasa alisema atalifikiria upya. Akidi haikutimia, wala haikukaribia.

"Kwa hiyo kikao hakiwezi kujadili ajenda yoyote," alisema Katibu. Akageuza ukurasa. "Isipokuwa Mengineyo."

Sheikh alikuwa ameshazoea kutabasamu na kuvumilia, hata mwanzoni hakuelewa kwamba zamu yake imefika. Mfamasia alimgusa kwa kalamu. Sheikh akavuta kiti chake mpaka karibu na Bi Mkubwa, akaangalia ile miguu, akaangalia kikombe alichokishika mkwewe, na tabasamu lote likamtoka usoni. Akasema astaghfirullah, akasema hakuwa na habari, na kwamba angejua kuna mtu mahali anasubiri, asingekaa kimya hata kama wangemtoa nje. Kisha akamgeukia Mfamasia akamuuliza kama dawa hiyo ipo bila ganda, kwa namna nyingine inayomfaa. Mfamasia akasema zipo dawa nyingi zenye mbadala, na orodha yake ilikuwa tayari tangu mwanzo. Ila hii ya mama, kwa sasa, haina. Sheikh akauliza akiacha itakuwaje. Mfamasia akamwonyesha miguu.

"Mama," alisema Sheikh, "kuhusu ganda lenyewe wanachuoni wamehitilafiana. Wapo wanaosema kitu kikibadilika kikawa kitu kingine kabisa, na hukumu yake hubadilika. Wapo wasiokubali, nao wana hoja zao. Hilo tutalijadili, na ni vizuri tulijadili, maana mwenye mbadala halali autumie. Lakini mgonjwa asiye na mbadala, ambaye akiacha dawa anaangamia, hakuambiwa atusubiri sisi tumalize kuhitilafiana. Wewe meza."

"Na dhambi?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Dhambi ikiwapo, tutaitafuta kwa waliokuzuia."

Bi Mkubwa alifunua kikombe. Mfamasia alimwahi akamwambia ni kimoja tu, mama, si vyote, na leo leo aonwe hospitali. Akamimina maji ya Kamati kwenye glasi ya Mwenyekiti, akampa. Bi Mkubwa alisema bismillahi, akameza. Hukumu yote, tangu Sheikh alipovuta kiti, haikuchukua muda wa mtu kumaliza tembo mmoja. Na yule mtu aliyeamini kwamba jambo likiisha haraka halikushughulikiwa ipasavyo alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameikumbatia miguu ya mama yake, analia mbele ya kibao cha MHUSIKA.

Siku chache baadaye ilitangazwa rasmi, tena kabla ya hali ya hewa, kwamba Kamati imeimarishwa. Dada Katibu alikuwa mwenyekiti mpya. Waliletwa wajumbe wapya, bakuli likajazwa karanga, na kwa mara ya kwanza kikawekwa kiti cha mwakilishi wa wagonjwa. Kilikuwa ni kile kile cha pembeni, kimebadilishwa kibao, na aliyeteuliwa kukikalia alikuwa Bi Mkubwa. Kazi sasa ilikwenda mbio. Orodha ya dawa zenye mbadala ilipelekwa hospitali zote, maimamu wakaruhusiwa kujibu maswali ya watu, na Sheikh alikuwa akizungumza wa kwanza mpaka akaomba siku moja apumzishwe sauti.

Mwenyekiti wa zamani alibaki nyumbani kupisha uhakiki. Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, aliwasilisha ombi kwamba mnyama wa zile peremende atambuliwe haraka ili arejee kazini. Ombi lilipokelewa vizuri sana, likapigwa muhuri, na muhuri ukathibitishwa.

Siku za kikao alikuwa akimsubiri mama yake barazani, chai tayari kwenye meza. Bi Mkubwa alishuka kwenye gari la Kamati amevaa viatu vyake mwenyewe, miguu imenywea, faili kwapani, uso umemchangamka kuliko hata mkwewe. Alikuwa ameshaanza kusema maneno kama mustakabali.

"Mama, leo mlifika kwenye suala langu?"

"Lipo, mwanangu, usiwe na wasiwasi," alisema Bi Mkubwa, akajimiminia chai. "Lipo kwenye Mengineyo."

"Lakini mama, wewe si unaweza kuwaambia tu?"

Bi Mkubwa alimtazama juu ya kikombe. "Hapo unaniuliza kama mama yako, au kama mjumbe?"

"Kama mama yangu."

"Kama mama yako naumia sana, baba. Hata leo tulikaribia kabisa. Walikuwa wamemaliza yote, imebaki Mengineyo tu." Alifungua mkoba akatoa kidonge chake, nusu cheupe nusu bluu. "Sema kikao tuliahirisha. Mjumbe mmoja aliomba aende nyumbani akameze dawa."